Amplifaya ya Transista ya Zamani: Uitengeneze, Uigeuze ya Valvu, au Ufuate Njia Nyingine?

Amplifaya ya gitaa ya transista iliyoundwa miaka ya 1960 au 1970, yenye boksi zima na spika isiyochanika, ni mali. Kisumu na vijiji vinavyoizunguka zimo nyingi kuliko watu wanavyodhani: kwenye stoo za makanisa, kwenye shule zilizowahi kuwa na bendi, kwenye nyumba za wazee waliopiga benga enzi zao. Nyingi zimenyamaza. Anayeirithi mara nyingi ni kijana anayejua gitaa vizuri, na ombi lake kwa fundi huwa moja: kwa kuwa imekufa, tutoe transista zote tuweke valvu (zile chupa za kioo zenye waya wa moto, zilizokuza sauti kabla ya transista), ipate ile sauti nene ya amplifaya za kale.

Ombi hilo linastahili jibu la kina, si kukatwa juu kwa juu. Nitalinganisha njia nne za kufanya na amplifaya kama hiyo, na ya tano ya kuiacha kabisa. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukiujua: kwa wapigaji wengi wa huku, hasa wa benga na wa kanisani, kuitengeneza ilivyo ndiko kunakofaa, na pesa inayobaki iende kwenye spika. Kuigeuza yote kuna mahali pake, ila ni padogo kuliko tamaa inayotuvuta huko.

Ukiigeuza, ni nini hasa kinachobaki?

Hapa ndipo mazungumzo mengi hupotoka. Wengi hufikiri valvu huchukua nafasi ya transista, moja kwa moja, na sehemu nyingine zikaendelea na kazi yake. Haiko hivyo. Transista za kutoa nguvu hufanya kazi kwa volti 25 hadi 40 hivi kila upande, chanya na hasi, na zinasukuma mkondo mkubwa moja kwa moja hadi kwenye spika. Valvu hutaka kinyume chake: volti nyingi, mkondo kidogo. Jozi ya EL84 (aina ya valvu ya kutoa nguvu), ambayo ndiyo ningeifikiria kwa boksi la ukubwa wa kawaida, hutaka volti 300 hivi za DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, na kila moja hupitisha miliampea 35 au karibu na hapo ikiwa imetulia. Spika ya ohmu 8 haiwezi kuunganishwa na kitu cha aina hiyo. Lazima katikati pawe na transfoma ya kutolea sauti, ya kugeuza volti nyingi na mkondo kidogo kuwa volti chache na mkondo mkubwa. Amplifaya nyingi za transista hazina transfoma hiyo kabisa.

Kuna pia nyuzi za kupasha valvu moto. EL84 moja hula ampea 0.76 kwa volti 6.3. Valvu ndogo ya mbele, 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, hula ampea 0.3 kwa volti hizo hizo. Ukiweka EL84 mbili na 12AX7 mbili, unahitaji zaidi ya ampea 2 za kupasha moto peke yake, kabla gitaa halijatoa hata mlio. Transfoma ya umeme ya amplifaya yako ya zamani haina waya wa volti 6.3, wala haina wa volti 250. Inatoka. Saketi zote zinatoka. Chasisi inatobolewa upya kwa ajili ya soketi za valvu, na ikiwa ni bati jepesi haitabeba transfoma mbili za chuma bila kupinda.

Kinachobaki ni boksi, spika, mpini, vitufe na taa ya mbele. Kwa hiyo unajenga amplifaya mpya ndani ya nyumba ya kale, na swali la haki ni kama nyumba hiyo inastahili. Boksi la mbao halisi lenye spika nzuri ya inchi 12 linastahili. Boksi la mbao za unga lililonyonya maji ya mvua za Machi kwa miaka mingi halistahili, hata kama jina lililo mbele yake ni kubwa.

| | Transista ya zamani, wati 50 | Iliyogeuzwa, EL84 mbili |
|---|---|---|
| Volti za DC ndani | 25 hadi 40 kila upande | 300 hivi |
| Nguvu | wati 50 | wati 15 hadi 17 |
| Umeme inayokula ikiwa kimya | kidogo sana | karibu wati 50, upige usipige |
| Transfoma nzito | moja | mbili |
| Ikikosa spika | haidhuriki | transfoma ya sauti yaweza kuungua |
| Waya wa spika ukigusana | transista zaweza kuungua | huvumilia kwa muda |
| Vipuri | vingi vyapatikana mjini | vya kuagiza |

Itazame mistari miwili ya spika kwa makini, maana ni mambo ya jukwaani. Matangani, waya hukanyagwa, watoto hupita nyuma ya mitambo, mtu huchomoa asichokijua. Amplifaya ya transista ikichomolewa spika huku inapigwa hunyamaza tu. Ya valvu, nishati iliyo kwenye transfoma yake ikikosa pa kwenda, volti hupanda ghafla na kutoboa insulesheni ya waya ndani. Hilo likitokea, umepoteza kipuri cha bei kuliko vyote.

Sauti yenyewe: nani anaihitaji?

Tofauti ya sauti ipo na si ndoto. Transista ndani ya saketi yenye mrejesho mkali (sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa) hubaki safi hadi inapofika ukomo wa volti zake, halafu hukata kilele cha sauti kama kwa kisu. Sikio husikia mkwaruzo mkavu. Valvu huanza kubana mapema, polepole, na sauti hunenepa kabla haijachanika. Pia transista huishika spika kwa nguvu, koni isicheze itakavyo, na valvu huiachia kiasi, ndipo sauti za chini na za juu huchomoza. Ugavi wa umeme wa valvu nao hulegea kidogo ukipiga kwa nguvu, halafu hurudi, na mpigaji huhisi kitu hicho vidoleni.

Sasa fikiria benga. Gitaa la kwanza huimba juu shingoni, noti fupi fupi za kasi, kila moja ikitaka kusikika peke yake, jinsi nyuzi za nyatiti, kinubi cha Waluo, zinavyosikika. Besi inaruka chini yake, ngoma inakimbia. Gitaa hilo halitaki kunenepa. Linataka usafi, na usafi huo udumu hata bendi nzima ikiwa juu. Wati 15 za valvu, mbele ya ngoma na besi, huanza kuchanika pale pale ambapo gitaa la solo linapanda kileleni, na noti zinaungana. Wati 50 za transista iliyo nzima zitakupa kila noti. Hii si kusema kwamba transista ni ya watu wasio na uwezo: Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 na ni transista mwanzo hadi mwisho, hutafutwa hadi leo na wapigaji wa sauti safi duniani kote. B.B. King, mtu wa blues, alipiga kwa miaka mingi na Lab Series L5, nayo ni ya transista.

Sifa mbaya ya transista ina asili yake. Kampuni ya Fender ilitoa amplifaya zake za kwanza za transista mwaka 1966, zikaandamwa na uharibifu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeondolewa sokoni. Enzi hizo waundaji walikuwa bado wanajifunza namna ya kuzilinda transista na joto na waya zinazogusana. Ukiwa na amplifaya ya kizazi hicho cha kwanza, hoja ya kuigeuza ina uzito zaidi kuliko kwa ya miaka ya 1980.

Anayepiga blues, roki, au zile nyimbo za kusifu zinazoanza kwa mnong'ono na kupanda taratibu, atafurahia valvu kweli. Vivyo hivyo anayerekodi chumbani, ambapo wati 15 ni nyingi mno. Anayepiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, kwa gitaa kavu la mbao hana haja na yoyote kati ya hizi. Aongeze tu amplifaya ndogo safi.

Kuigeuza yote: ugumu uko kwenye transfoma

Valvu, soketi na kapasita (vihifadhi umeme) si tatizo kubwa. Valvu mpya bado zinaundwa Urusi, Slovakia na China, na kifurushi chake ni chepesi. Mzigo ni transfoma mbili za chuma, ambazo kwa usafiri na ushuru zaweza kupita thamani ya kila kitu kingine kwenye boksi hilo. Kabla hujaanza, pata bei ya hizo mbili kwanza, zikiwa zimefika mkononi mwako Kisumu. Usianze na valvu. Nimeona valvu nzuri zikikaa kwenye droo kwa sababu pesa iliishia hapo.

Transfoma ya umeme yaweza kusukwa huku huku. Mafundi wanaosuka upya mota za mashine za kusaga wanajua kuhesabu mizunguko na kuchagua unene wa waya. Mwambie anachotakiwa kutoa, mwambie iundwe kwa volti 240 na si 220, na asifanye ubahili wa insulesheni kati ya tabaka. Hilo la 240 lina sababu: transfoma ya 220 ukiilisha 240, kila volti inayotoka hupanda kwa asilimia 9, na waya wa volti 6.3 unatoa karibu 6.9. Valvu huvumilia asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo umebaki ukingoni, na umeme wetu hupanda na kushuka bila kukuuliza.

Transfoma ya sauti ni habari nyingine. Waya wake wa kwanza na wa pili hupishana kwa tabaka, ili sauti za juu zisipotee njiani, na pande mbili za valvu lazima zilingane. Fundi wa mota hajazoea kazi hiyo. Hapo hushawishika watu kutumia transfoma za spika za tarumbeta za makanisani na misikitini, zile za laini ya volti 100. Kwenye karatasi inawezekana, na hesabu yake ni ya kupendeza: tepu (mahali waya unapotolewa nje) ya wati 1.25 ni sawa na ohmu 8,000, ambazo ndizo jozi ya EL84 inazotaka, na tepu ya wati 5, yenye ohmu 2,000, huangukia katikati kabisa ya mizunguko hiyo. Unapata kitovu, yaani waya wa katikati kati ya valvu mbili, bila kusuka chochote.

Lakini angalia volti. Wati 15 ndani ya ohmu 8,000 ni karibu volti 350, na transfoma hiyo iliundwa kwa 100. Hata kama inabeba volti 100 vizuri hadi hezi 50, kwa volti 350 chuma chake kitajaa sumaku chini ya hezi 175. Gitaa lina uzi wa E nene kwenye hezi 82, A kwenye 110 na D kwenye 147. Nyuzi tatu nene zote ziko chini ya hapo. Kwa wati moja au mbili chumbani itapita. Kwa jukwaa, hapana, na kwa besi usiifikirie.

Jambo la hatari lazima lisemwe wazi. Fundi aliyezoea redio za betri na amplifaya za transista amezoea kugusa. Volti 70 zinashtua. Volti 300 za DC zinaua, na kapasita huzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita zote kubwa ziwe na rezista ya kudumu ya kuzimwaga, na kabla ya kuweka mkono ndani, mita ionyeshe chini ya volti 10. Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kosa ndani na hujaunguza kitu. Balbu hizo sasa utazipata kwa urahisi kwa wafuga vifaranga. Halafu chasisi iunganishwe na pini ile ndefu ya plagi, na soketi ya ukutani iwe na waya wa ardhini kweli, si tundu tupu. Mpigaji hushika nyuzi za chuma kwa mikono na kugusa maikrofoni kwa midomo. Ukumbi usio na ardhi ni hatari kwake kwa amplifaya yoyote, na kwa ya valvu zaidi.

Ni nani basi aigeuze yote? Mtu ambaye saketi yake ya zamani imekufa kabisa au vipuri vyake havipo tena, boksi na spika ni vizuri, anapiga muziki unaotaka valvu, na ana fundi aliyewahi kushika volti 300. Masharti hayo yote kwa pamoja. Likikosekana moja, soma njia zinazofuata.

Kuitengeneza ilivyo

Amplifaya ya transista iliyonyamaza mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Kapasita za elektroliti hukauka kwa umri na joto, na Kisumu ina joto. Zikikauka, unasikia mvumo wa chini usiokoma, au sauti hafifu isiyo na besi. Badilisha zote kwa mkupuo mmoja, kwa volti sawa au za juu zaidi, na mara nyingi utadhani ni mtambo mwingine. Volyumu zinazokwaruza hunyunyiziwa dawa ya kusafishia na kuzungushwa hadi zitulie. Jeki za kuingizia gitaa hulegea, solda kwenye mizizi yake hupasuka, na hayo ni ya dakika chache.

Likizidi hapo, transista za mwisho zimeungua. Ishara yake ni fyuzi inayokatika papo hapo, au koni ya spika inayosukumwa mbele na kubaki huko. Usiunganishe spika nzuri kabla hujapima volti za DC kwenye waya zake: kwa saketi isiyo na kapasita ya kutolea sauti, zinapaswa kuwa karibu na sifuri, milivolti makumi machache tu. Nyingi za zamani zilitumia 2N3055, transista ya volti 60, ampea 15, inayopatikana hadi leo. Tatizo ni feki. Transista ya bei ya kushangaza yenye maandishi mapya kabisa huwa na kipande kidogo ndani, na itaungua siku ya kwanza ya kazi kamili. Nunua kwa muuzaji atakayekurudishia, iwe hapa mjini au Luthuli Avenue ukienda Nairobi, na ununue ya akiba.

Baada ya kuifufua, mwambie fundi apime mkondo wa kupumzika (unaopita hata pasipo sauti) wa transista za mwisho. Ukiwa chini sana, sauti ndogo husikika chafu, kana kwamba noti inapokufa inakokotwa kwenye mchanga. Watu wengi huilaumu transista kwa ujumla wake, kumbe ni marekebisho tu yaliyosogea kwa miaka.

Na kuna dawa ndogo ambayo haijulikani sana. Ule ukali wa transista kuishika spika unaweza kupunguzwa kwa rezista ya ohmu 0.22 hadi 0.47, ya wati 5, kwenye waya wa spika unaorudi chini, na mrejesho wa saketi ukachukuliwa hapo. Spika inaachiwa, na sauti inakaribia ile ya valvu kwa namna ya kushangaza. Kampuni ya Marshall walitumia wazo hilo hilo katika amplifaya zao za Valvestate za miaka ya 1990. Si kila saketi inakubali, kwa hiyo fundi awe anaisoma ramani yake, asikisie.

Pesa inayobaki iende kwenye spika. Spika ya gitaa ya desibeli 99 kwa wati moja hutoa kwa wati 15 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 93 hutoa kwa wati 60. Boksi nyingi za zamani zilifungwa spika dhaifu, au zimebadilishiwa koni ya redio ya gari na mtu aliyekuwa na haraka. Nikiwa na kiasi kimoja cha pesa na amplifaya ya transista iliyo nzima, nitaweka spika kabla ya kufikiria valvu.

Valvu mbele tu, nguvu iachwe kwa transista

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayetaka ladha ya valvu na bado anapiga jukwaani. Saketi ya nguvu inabaki ya transista, na mbele yake unaweka 12AX7 moja au mbili, ndani ya boksi lile lile au ndani ya kisanduku cha pembeni. Wazo la kuchanganya si geni: Music Man, kampuni aliyokuwamo Leo Fender, mwanzilishi wa Fender, miaka ya 1970, waliunda amplifaya zenye mchanganyiko wa kinyume, transista mbele na valvu nyuma.

Uzuri wake kwa sisi wa huku ni transfoma. Huhitaji ya sauti, na ya umeme unaipata kwa transfoma mbili ndogo za kawaida za 240 kwa 12, zilizofungwa mgongo kwa mgongo. Ya kwanza inashusha hadi volti 12, na volti hizo hizo zinapasha valvu, kwa sababu 12AX7 yaweza kufungwa kwa volti 12.6 na ampea 0.15. Ya pili imegeuzwa: unailisha 12 kwenye upande mdogo na upande mkubwa unatoa volti mia mbili na kitu. Ukizinyoosha kwa diodi na kapasita unapata kati ya 260 na 300 za DC. 12AX7 ina nusu mbili, na kila moja hula miliampea moja hivi, kwa hiyo transfoma ndogo zinatosha.

Mambo mawili yanaweza kuharibu kazi hiyo. Valvu hutoa volti makumi, na saketi ya nguvu ya transista kwa kawaida hutaka volti moja au karibu na hapo. Weka rezista mbili za kugawanya, la sivyo utapata mkwaruzo wa transista ambao ulikuwa unaukimbia. Pili, kapasita inayounganisha valvu na transista iwe mpya, ya volti 400 au 630. Ikivuja, volti 250 zinaingia kwenye transista iliyozoea moja. Na hatari ya volti kali ipo hapa pia, ingawa kapasita ni ndogo. Usifunge kisanduku cha plastiki laini bila ardhi.

Ladha utakayopata ni ya mbele: unene, mng'ao, mchaniko mtamu ukiongeza volyumu. Ile hisia ya spika na transfoma kulegea pamoja haitakuja. Wengi hawataikosa.

Redio ya valvu ya babu

Njia hii husahaulika, na Nyanza na Magharibi ina nyenzo zake. Redio kubwa za mbao za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na kila kitu ambacho amplifaya ya transista haina: transfoma ya volti 250, waya wa 6.3, mara nyingi EL84 moja na transfoma yake ya sauti. EL84 moja hutoa wati 4 hadi 5, na kwa spika nzuri ya gitaa hiyo ni sauti ya kutosha kurekodi, kufundishia na kupiga na gitaa kavu na kayamba. Ukiwa na redio iliyokufa na boksi tupu la amplifaya, unganisha hivyo viwili. Ni kugeuza kwa busara zaidi kuliko kununua chuma kipya. Redio ikiwa bado inaongea, iache iongee.

Ila soma namba za valvu kabla ya yote. Zikianza na herufi E, kama EL84, ECH81 na EZ80, kwa kawaida kuna transfoma ya umeme na unaweza kuendelea, ukithibitisha kwa mita. Zikianza na U, kama UL84 na UCH81, redio hiyo haina transfoma ya kuitenga na ukuta: nyuzi za moto zimefungwa kwa mfululizo na chasisi yenyewe imeungana na umeme wa ukutani. Gitaa lisiunganishwe humo kamwe. Hakuna kurekebisha kidogo hapo. Chukua kitambaa na vitufe, saketi uiache.

Kuiuza na kununua ya valvu iliyotumika

Ukijumlisha bei ya transfoma mbili, valvu nne, soketi, kapasita na siku za fundi, unaweza kukuta umefika karibu na bei ya amplifaya ndogo ya valvu iliyotumika, kama Fender Blues Junior, yenye EL84 mbili na wati 15, ambayo tayari imesanifiwa na watu waliojua wanachofanya. Siku ukitaka kuiuza hiyo ya kiwandani utakuta mnunuzi, na iliyogeuzwa kwa mkono hupata mnunuzi kwa shida hata ikiwa nzuri.

Angalia nyuma kabla ya kutoa pesa. Nyingi zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka ukutani Kisumu yaweza kuungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ile ndogo ya vinyozi vya umeme: kwa amplifaya ya wati 15 chukua ya VA 200 (volti mara ampea) au zaidi. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, kwa hiyo baada ya saa moja ya kupiga weka kiganja juu yake. Ikikushinda kushika, mwambie muuzaji unataka kuona kama ndani kuna waya wa 240, maana baadhi ya kampuni huweka transfoma moja yenye waya zote na kuzichagua kiwandani. Akikataa ifunguliwe mbele ya fundi wako, tafuta nyingine.